Mashine Ilichukua Taa, Haikuchukua Kazi

Kuna mfano watu wanaupenda sana hapa mtandaoni. Ukilalamika kuhusu mashine kuchukua kazi, utajibiwa: "Hata walinzi wa minara ya taa waliondolewa, na si meli bado zinafika?" Halafu wanacheka, mjadala umefungwa. Sasa wacha tuuangalie huo mfano vizuri, juu naona unawageukia wenyewe.

Kwanza ukweli usemwe. Kuwasha taa hakuhitaji mtu. Gustaf Dalén wa Sweden aliunda kifaa cha kuzima taa ya gesi jua likitoka na kuiwasha giza likiingia, akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia 1912. Uingereza, mnara wa mwisho kuachiwa mashine ulikuwa North Foreland, Novemba 1998. Leo meli zina GPS. Na tusidanganyane ati ile kazi ilikuwa tamu: Desemba 1900 walinzi watatu walipotea kisiwa cha Flannan, Scotland, hawakuonekana tena.

Lakini kwani kazi ya mlinzi ilikuwa kuwasha taa pekee?

Mwaka wa 1838 meli Forfarshire ilivunjika kwenye miamba ya kaskazini mwa Uingereza. Grace Darling, binti ya mlinzi wa mnara wa Longstone, ndiye aliyeona watu wameng'ang'ania mwamba. Akaingia mashuani na babake, wakapiga makasia kwenye dhoruba. Watu 9 wakatolewa pale wakiwa hai. Taa inaonekana. Taa haioni.

Wakanada walielewa hilo. Miaka ya 1990 serikali yao ilipotaka kuondoa walinzi wote, watu wa pwani ya British Columbia walikataa, mpango ukasimamishwa. Walichopigania hakikuwa balbu, jameni. Ni yule mtu anayechungulia dirishani na kumwambia mvuvi au rubani wa ndege ndogo venye bahari iko saa hii, na anayesikia mtu akiita msaada.

Ndio maana nasema hesabu ya mkubwa huwa na hila. Anaandika ile sehemu ya kazi yako inayohesabika, anainunulia mashine, halafu anatangaza kazi yote imefanywa. Ile sehemu nyingine, ya kuona na kusaidia, haikuwahi kuandikwa popote, kwa hivyo ikipotea hakuna anayeulizwa.

Fikiria makanga. Kulipa nauli kwa simu tunaweza. Nani atakumbuka shosho anashukia wapi, na amshikie mzigo?

Sikatai mashine. Leteni. Lakini kabla hamjamfukuza mtu, wekeni mezani orodha ya kila kitu anachofanya, iandikwe na yeye mwenyewe. Kila mstari mashine isioweza, mtuambie nani ataufanya na atalipwa ngapi. Mkishindwa kujibu, basi hamjaboresha kazi. Mmeipunguza tu, na kuna mtu kwenye mwamba anawangojea.