Kiti cha Bunge si Shamba la Urithi

Hapa kwetu Kibugu shamba la kahawa hurithiwa. Kiti cha Bunge huombwa. Hata hivyo, tuitazame Gachoka, kule Mbeere. Marehemu Jeremiah Nyagah, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, alipostaafu mwaka 1992 kiti kilitwaliwa na mwanawe Norman; mwaka 1997 kikamwendea mwana mwingine, Joseph. Je, demokrasia ilikiukwa? Sidhani, wananchi walipiga kura. Lakini jina la baba ni mtaji asioupata mwana wa mkulima. Mwaka 2007 wapigakura wa Gachoka walimchagua Mutava Musyimi, na zamu ya ukoo ikakatika kwa kura ile ile iliyoianzisha. Walimu, wafundisheni vijana kumwuliza mgombea ametenda nini, wala si amezaliwa na nani.