Ukuta Ndio Mbovu

KAHAWA YA ALASIRI
Na Mkaa Barazani

Usiku wa kuamkia Jumatano ya wiki hii, baina ya saa nane na saa tisa, wakati ambao hata paka wa mtaa wetu wa Mkunazini huwa wamekwisha kumaliza ugomvi wao, kilisikika ukumbini mwangu kishindo kikubwa kilichofuatwa na mlio wa chupa kuvunjika, kisha ikaja kutoka gizani sauti ya mke wangu, Bi Mkubwa, kwa ule utulivu ambao wasomaji wangu wa siku zote wanajua kuwa ni wa kuogopwa kuliko ukali: "Fundi wako huyo."

Niliwasha taa, nikaona. Pande la lipu lenye upana wa msala lilikuwa limebanduka ukutani zima zima, mithili ya ganda la yai lililochemshwa, likaangukia rafu na kuvunja machupa matatu ya achari ya ndimu ambayo Bi Mkubwa alikuwa akiyaanika juani tangu Shaaban kwa ajili ya wageni ambao hadi leo hawajafika. Lipu hiyo ilikuwa na umri wa siku ishirini na tatu. Ukuta ulioitema una umri wa miaka mia na ushei, umepigwa na masika zaidi ya mia, wala haukupata hata siku moja kumvunjia mtu chupa.

Kadhia hii haifahamiki pasipo kuelezwa mwanzo wake. Masika yaliyopita yalituachia juu ya ukuta wa ukumbi doa la unyevu lenye sura ya kisiwa cha Pemba, na katikati ya doa ufa mwembamba, nami nikakumbuka wosia wa wahenga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nikaona ni taksiri kubwa kwa mtu mzima kungoja wosia umthibitikie nyumbani kwake. Bi Mkubwa alishauri tusubiri mpaka apatikane mwashi. Mimi nikajibu kwamba waashi wamekwisha kufa. Jawabu lile, kama mtakavyoona, ndilo lililonigharimu.

Basi nikamtafuta fundi kwa njia tunayomtafutia sote, yaani kwa muuza kahawa, naye akaniambia yupo kijana hodari sana, fundi wa kila kitu: anaunga mabomba, anafunga umeme, anatengeneza mafriji, anapaka rangi, na kuta pia anazipiga lipu. Wanaoikumbuka hekaya ya pangaboi langu, ambalo fundi mwengine wa kila kitu alilitengeneza hata likawa halizunguki mpaka kwanza redio ifunguliwe, wataniuliza ilikuwaje mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka akaenda tena kuchezea shimo. Nami sina la kujibu ila kwamba bei ilikuwa nzuri. (Ama lile tangi la maji, wasomaji kadhaa wamenisihi kwa barua nisilitaje tena katika safu hii, nami nimeazimia kuwaheshimu.)

Ahadi ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa tatu nilimpigia simu, akasema, "Nipo Darajani, mzee wangu, nakuja." Saa nne alikuwa Darajani. Saa tano na nusu bado alikuwa Darajani, nikaanza kuingiwa na shaka kwamba Darajani ya mafundi ni mji mwengine, mpana kuliko huu wetu, ambao mtu huweza kuutembea tangu alfajiri hadi adhuhuri asiuone mwisho wake. Alipowasili alikuwa na mtoto wa kumbebea mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na bisibisi, koleo, nyundo, karai lililopasuka na mwiko mmoja ulioliwa na kutu. Timazi hakuwa nayo, na pima maji pia hakuwa nayo. Kiswahili chetu kimelipa neno mwiko maana tatu: chombo cha mpishi, chombo cha mwashi, na jambo lililokatazwa. Kijana huyu alishika cha mwashi, akakitumia kama cha mpishi, na dhahiri hakupata kukutana na mtu wa kumfunza ile maana ya tatu.

Aliusimamia ukuta kwa mbali, bila ya kuugusa, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyefika matangani, akauliza swali ambalo sijapata kumwona fundi asiyeliuliza: "Nani aliyekufanyieni kazi hii, mzee wangu?" Nikamwambia aliyeifanya alikufa kabla marehemu baba yangu hajazaliwa. "Basi alikuharibieni," akasema, na hapo hapo akataja shilingi 250,000, nusu yake arubuni. Neno hilo arubuni tumelipokea kwa Waarabu, na maana yake ni kile kitangulizi cha thamani ambacho mnunuzi humpa muuzaji ili kuuthibitisha mkataba. Lakini masikio yangu mimi hayajapata kulisikia pasi na kusikia nyuma yake mwangwi wa kurubuni, na kwa maisha niliyokwisha kuyaishi miongoni mwa mafundi sioni kama masikio yangu yamekosea. Nikatoa. Kazi ikaanza baada ya sala na ikamalizika kabla ya alasiri: mifuko miwili ya saruji, mchanga ambao ndani yake niliona kwa macho yangu vigamba vya konokono wa pwani, na lipu iliyong'aa kama sahani. Bi Mkubwa aliitazama, akaondoka kwenda kuipanga rafu yake chini ya lipu hiyo. Neno hakusema, nami kwa ujinga wangu nikadhani ameridhika.

Narudi Jumatano. Baada ya simu sita na Darajani mbili, fundi akafika, akaruka vigae vya chupa na maji ya achari, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akaunyoosha mkono akaugusa ukuta. Nilingoja samahani. Sikuitamani pesa yangu, maana sikuwa na tamaa kubwa kiasi hicho. Nilingoja samahani tu, hata ile ndogo isemwayo huku mtu akitazama pembeni. Badala yake akanigeukia, akaniambia kwa upole wa tabibu anayempa jamaa khabari nzito: "Mzee wangu, ukuta wenu ndio mbovu."

Nimezeeka barazani na nimesikia mengi, lakini wallahi sikuwa tayari kwa hilo. Usiku ule sikupata usingizi, nikawa nalipindua neno lile huku na huku kutafuta lilikotoka, na hatimaye nikalipata. Desturi ya fundi wa zama hizi ni kumshutumu aliyemtangulia; ndiyo dua yake ya kufungulia kazi. Safari hii aliyemtangulia alikuwa ni yeye mwenyewe, na kwa kuwa lawama ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya nyumba na haina budi kukaa mahali, ikahamia ukutani. Na dawa aliyoipendekeza ilikuwa ya namna moja na uaguzi wake: tuubomoe ukuta kipande hicho, tupandishe matofali ya saruji, kazi ya siku mbili. Na arubuni.

Sasa na uombewe insafu huu ukuta, maana wenyewe hauna ulimi. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na udongo mwekundu na chokaa, kuta nene za nusu mita na zaidi, na juu yake boriti za mikoko ambazo kwa ufupi wao ndizo zilizoamua kwamba vyumba vyetu viwe virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hii hunywa maji. Huyanywa kutoka chini na huyanywa kutoka juu, nao hauoni aibu kwa hilo, kwa sababu waliouvika nguo waliuvika ya chokaa, na chokaa huachia unyevu upite ukatoke nje, hata jua la kaskazi likija likaukausha. Uuvike saruji, na hapo umemziba pua mtu aliye hai. Maji yaliyomo hayana pa kutokea, hupanda juu yakichukua chumvi, chumvi hukauka nyuma ya lipu ikawa chembe, chembe zikavimba na kuisukuma lipu kama mtu anayesukuma mlango aliofungiwa. Na wakati huo huo ncha za boriti zilizopenyezwa ukutani zinaoza kimyakimya. Kwa hiyo kilichotokea kwangu hakikuwa ubovu wa ukuta. Ukuta ulikuwa ukipumua tu.

Wala si ajabu kwamba saruji haikai vyema na wazee wetu, kwani hata jina lake si lake. Kwa Waajemi na kwa watu wa Oman, saruji ilikuwa ni udongo uliochomwa ukachanganywa na chokaa, ndiyo waliyosiribia mifereji yao ya falaji na kuta za ngome zao. Sisi tukalichukua jina la mzee huyo mstaarabu tukampa mgeni wa kijivu ambaye Mwingereza Joseph Aspdin alimkatia hati mwaka 1824, kisha tunastaajabu kwamba mgeni hana adabu za mwenye jina. Mji huu umeingizwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na tarehe 25 Desemba 2020 sote tulisimama Forodhani tukiitazama Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika zama za Seyyid Barghash, ikiwa imeporomoka upande mmoja hali matengenezo yakiendelea. Siwahukumu watu nisiowajua kwa kazi nisiyoishuhudia. Nasema tu kwamba nyumba kongwe haidhuriki kwa kuachwa tu. Hudhurika pia kwa kutengenezwa.

Na asiniambie mtu kwamba kosa ni umaskini wa vijana. Kosa ni neno. Fundi, kwa asili ya lugha hii, ni mtu aliyefundwa, akakaa miaka chini ya mkono wa mwalimu akizima chokaa na kubeba karai kabla hajaruhusiwa kushika mwiko, na siku aliporuhusiwa alijua kwamba kazi ikianguka itaanguka na jina la mwalimu wake. Leo jina hilo tunampa kila mwenye mfuko. Na anayempa ni mimi na wewe, tunaomtaka wa leo kuliko wa kweli, wa rahisi kuliko wa haki, na ambao kijana akituambia kuwa chokaa yataka kulazwa shimoni miezi kadhaa tutamwambia atafute kazi nyingine. Kijana wangu huyu hana mwalimu wa kumtia aibu, ndiyo maana hakuona haya.

Nilimlipa nauli yake, nikamwambia ukuta hauvunjwi. Akaniaga kwa adabu, "Basi, mzee wangu, ukibadilisha rai nipigie, mimi nipo Darajani."

Alipokwisha kutoka, Bi Mkubwa alikuja na ufagio, akawa anakusanya vigae, na mimi, kwa kuwa mwanamume aliyeaibika hupenda kuhutubia, nikamhutubia yote haya mliyokwisha kuyasoma: matumbawe, chumvi, Waajemi, na kufundwa. Nikamalizia kwa kuapa kwamba kuanzia leo hakitaingia nyumbani humu ila chokaa, tena chokaa iliyozimwa na kulazwa, hata kama itanibidi niisubiri mwaka mzima.

"Kwani lazima uisubiri?" akauliza, asiinue kichwa. "Marehemu mkwe wangu aliacha shimo zima la chokaa pale uani. Alikuwa akisema chokaa kadiri inavyolala ndani ya maji ndivyo inavyozidi uzuri, na kila mwaka akichota ya kupakia nyumba. Liko wapi?"

Nilinyamaza. Wasomaji wangu wapenzi, niliahidi hapo juu kutolitaja, na ahadi ni deni, lakini mtu akisha kumsema fundi kwa kutokuomba samahani hawezi yeye mwenyewe kukaa kimya. Shimo la chokaa la marehemu baba yangu nililifukia kwa mkono wangu, nikalimwagia zege, ili nipate mahali pa kuliweka tangi la maji.

Tangi linavuja.