Jina la Kisima ni Amana

Mtu apitaye Lucky Summer asubuhi ya Jumapili, akitoka upande wa Baba Dogo kuelekea Korogocho, huiona nchi ya Kanaani imeandikwa kwa rangi juu ya mabati: majina kama Betheli, Ebenezeri, Gilgali na Rehobothi, ambayo makanisa ya mitaa yetu ya Eastlands huyapenda mno. Nami nayapenda kwa mapenzi ya dhati, na kwa sababu hiyo nasikitika kwamba wengi wetu tuingiao na kutoka chini ya vibao hivyo tumeyafanya mapambo, ilhali kila moja ni ushahidi wa jambo lililotendeka.

Betheli maana yake ni nyumba ya Mungu, jina ambalo Yakobo alipapa mahali palipokuwa pakiitwa Luzu, alipozinduka katika ndoto ya ngazi. Ebenezeri ni jiwe la msaada, alilolisimamisha Samweli baada ya Wafilisti kushindwa. Na Gilgali hukumbusha kuvingirishwa kwa aibu ya Misri kutoka juu ya watu waliokwisha kuvuka Yordani. Waliotutolea Biblia ya Union Version mwaka 1952 waliyahifadhi majina hayo kwa sauti zake, wakatuachia sisi kazi ya kuitafuta maana.

Wala kazi hiyo si nzito kwa msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa Kiebrania na Kiarabu ni ndugu wa nasaba moja, na Kiarabu kimeacha hazina kubwa vinywani mwetu. Ile "beth" ya Betheli na Bethlehemu, nyumba ya mkate, ni nduguye neno lililotupa ubeti wa shairi, ambao kwa asili ni nyumba. Na katika Beer-sheba, kisima ambacho Ibrahimu na Abimeleki walikiapia kwa kondoo wa kike saba, neno lile lile hubeba kiapo na hesabu, na hesabu yenyewe ni saba yetu hii tuihesabuyo kila siku.

Lakini jina linigusalo kuliko yote ni Rehobothi. Katika Mwanzo, sura ya 26, watumwa wa Isaka walichimba kisima katika bonde la Gerari, wachungaji wa nchi wakakidai, naye akakiita Eseki, yaani ugomvi. Wakachimba cha pili, nacho kikagombewa, akakiita Sitna, yaani uadui, neno lenye shina moja na shetani. Kisha akaondoka, akachimba cha tatu, ambacho hakuna aliyekigombea, akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Shina la jina hilo lina ndugu katika Kiarabu, nalo ndilo lililotupa marahaba, neno ambalo mzee humjibu kijana aliyemwamkia shikamoo, kana kwamba amwambia: pana nafasi kwangu, karibu.

Wako wasemao kwamba imani haihitaji elimu ya maneno, na kwamba jina takatifu lina baraka hata asiyelifahamu akilitamka. Nawaheshimu, lakini Maandiko yenyewe hayakuridhika na sauti peke yake, bali mara nyingi yalisimama kueleza kwa nini mahali paliitwa hivyo, ili mwana akiuliza, baba awe na jibu. Na sisi tukaao katika mji ambao jina lake, Nairobi, lilitoka kwa Wamaasai waliotaja maji baridi, kisha twabeba mitungi kutafuta maji hayo hayo, tunajua vema jinsi Eseki na Sitna zinavyozaliwa penye foleni ya bomba.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji na walimu wa shule za Jumapili, kabla ya kupaka rangi kibao kipya, waifundishe maana ya kile cha zamani, na wakubali kwamba jina la namna hiyo ni amana. Nyumba iitwayo Rehobothi imekwisha kuahidi nafasi kwa mpangaji aliyefukuzwa, kwa mgeni asiye na jamaa, na kwa jirani wa dini nyingine ajaye na mtungi mtupu. Naye akifika mlangoni, ana haki ya kuitikiwa marahaba.