Kimo cha Gari Kisiamuliwe kwa Msumeno

Katika miji mikubwa ya Tanzania si jambo geni siku hizi kuona gari dogo la abiria lililoshushwa hata magurudumu yake yakajificha nusu ndani ya madigadi. Wanaoyapenda magari ya namna hiyo husema kwamba yanapendeza macho na kwamba yanashika barabara vizuri. Wasioyapenda husema kwamba huo ni ujuvi wa vijana tu. Mabishano hayo ya uzuri na ubaya hayana faida kwa taifa. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine kabisa: gari hilo likisha kutoka gereji, je, bado linaweza kusimama pale dereva anapokanyaga breki? Na ni nani mwenye wajibu wa kulijibu swali hilo kabla ya ajali badala ya kulijibu baada yake?

Ni haki kukiri kwanza kwamba kushusha gari si uovu kwa asili yake. Chombo ambacho uzito wake umekaa karibu na ardhi hakipinduki kwa urahisi kama kile ambacho uzito wake uko juu. Ndiyo sababu magari ya mashindano hutengenezwa yakiwa chini. Lakini magari hayo hupewa springi zilizoundwa kwa kazi hiyo na shokomzoba zinazolingana nazo, kisha hukimbizwa mahali ambapo barabara ni laini na hakuna mtoto anayevuka. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Anayeiga umbo la gari la mashindano bila ya kuiga hesabu yake, huwa ameiga ganda akaliacha tunda.

Yanayotendeka katika baadhi ya gereji za mitaani ni mbali sana na hesabu hiyo. Fundi huishusha springi chini, akaikata mzunguko mmoja au miwili kwa msumeno wa chuma, kisha akairudisha mahali pake. Mwingine haikati, bali huipasha moto wa gesi mpaka ikalegea na gari likakaa chini lenyewe. Kazi huchukua saa chache, malipo yake ni madogo, na mwenye gari huondoka akiwa na furaha.

Mwalimu yeyote wa fizikia anaweza kueleza ubaya wa kazi hiyo. Springi iliyokatwa haipungui urefu peke yake. Huwa ngumu zaidi pia, maana mzigo uleule sasa unabebwa na mizunguko michache. Wakati huohuo nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka imepunguzwa. Nayo springi iliyopashwa moto ovyo huwa imepoteza nguvu iliyotiwa kiwandani kwa joto lililopimwa, na hakuna awezaye kusema italegea kiasi gani zaidi au itavunjika lini.

Wengi hudhani kwamba kazi ya springi ni kumstarehesha abiria. Kazi yake kubwa zaidi ni kulifanya tairi liendelee kugusa barabara. Tairi lililo hewani, hata kwa nukta moja, halina breki wala usukani. Gari lililoshushwa ovyo linapopita kwenye shimo, springi humaliza nafasi yake upesi, gari likagonga vizuizi vyake vya mwisho na gurudumu likarushwa. Gurudumu linaponing'inia, springi fupi yaweza kuchomoka kwenye kikalio chake na isirudi sawasawa. Tairi husugua madigadi, likachanika upande wa ndani ambao dereva hauoni. Magurudumu nayo huinama, na matairi yakaliwa upande mmoja kabla ya wakati wake. Aidha, gari lililoshushwa nyuma pekee huinua mwanga wa taa zake, ukampiga machoni dereva anayekuja mbele.

Yote hayo ni kabla gari halijapakiwa. Motokaa ya familia hubeba watu watano na mizigo yao, na kiwanda kiliziunda springi zake kwa kuujua uzito huo. Mwenye gari aliyelipima akiwa peke yake mbele ya gereji hajapima kitu.

Hatari hii haimhusu mwenye gari peke yake. Karibu na shule nyingi yamejengwa matuta ili madereva wapunguze mwendo watoto wavuke salama. Gari ambalo tumbo lake linakaribia kugusa lami haliwezi kulipita tuta kama magari mengine. Dereva wake hulikata tuta mshazari, akaingia upande wa wenzake, au hukwepa pembeni ambako ndiko waendako wenye kutembea kwa miguu. Asipofanya hivyo, hukwaruza bakuli la oili lililo chini ya injini, na oili ikamwagika barabarani. Hivyo tuta lililowekwa kuwalinda watoto hugeuka kuwa sababu ya kuwaletea gari pembeni ya njia waliyosimama.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha barabarani gari ambalo hali yake inahatarisha watu. Msingi huo ni mzuri. Lakini msingi hauwezi kutumika kwa haki bila ya kipimo kinachojulikana na wote. Askari anayesimamisha gari kwa kuliangalia tu, na dereva anayejitetea kwa kusema tu, wote wawili hawana ushahidi. Pasipo kipimo, mwenye gari lililoshushwa kwa vifaa halali anaweza kusumbuliwa, na mwenye springi iliyokatwa anaweza kupita akicheka. Mahali kama hapo ndipo maneno ya pembeni huanza, na heshima ya sheria ikapungua.

Nchi nyingine zimekwisha kulitazama jambo hili kwa makini. Mfano ulio karibu zaidi ni wa Japani, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayoingia Tanzania hutoka huko. Nchini Japani gari la abiria halina budi kuwa na nafasi ya sentimita 9 kati yake na ardhi. Kimo cha gari huandikwa katika hati yake, na kwa kawaida badiliko linalozidi sentimita 4 hudai ukaguzi mpya na hati kusahihishwa. Zaidi ya hayo, kanuni zao zinaikataa springi ambayo sehemu yake imeondolewa kwa kukatwa. Kwa hiyo gari ambalo lilikaguliwa kwa uangalifu huko lilikotoka laweza kukatwa springi huku katika wiki yake ya kwanza, likawa gari ambalo nchi iliyoliunda isingeliruhusu kutembea.

Ujerumani hufuata njia inayofanana na hiyo. Mwenye gari anaweza kulishusha, lakini badiliko linaloweza kuleta hatari hufuta kibali cha gari kutembea barabarani mpaka likaguliwe na kuthibitishwa. Serikali haimkatazi mtu kupenda gari lililo chini. Inamtaka athibitishe kwamba halitaua mtu.

Jimbo la California, Marekani, linatoa funzo la namna nyingine. Tangu mwaka 1958 sheria ya huko ilikataza gari lililobadilishwa ambalo sehemu yake yoyote, isipokuwa magurudumu, iko chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Kipimo hicho kilikuwa na maana: tairi likipasuka, gari libaki limesimama juu ya rimu zake badala ya kuburuza tumbo. Lakini mwaka 1959 fundi Ron Aguirre alilifunga gari lake mitambo ya haidroliki iliyotoka katika ndege, akaweza kulishusha na kulinyanyua apendavyo. Magari ya aina hiyo yakawa fahari ya vijana wenye asili ya Mexico, na kwa miaka mingi jamii hiyo ililalamika kwamba sheria ilitumiwa kuwaandama wao kuliko kulinda barabara. Mwaka 2023 sheria hiyo ilifutwa, na ufutaji huo ukaanza kutumika tarehe 1 Januari, 2024. Hata hivyo, marufuku ya kuendesha gari lisilo salama ilibaki palepale.

Funzo la California si kwamba kipimo hakifai. Ni kwamba sheria ikionekana kuwinda sura ya watu, watu huacha kuiona kuwa ni ya usalama. Kijana mwenye gari lililoshushwa asihukumiwe kwa mavazi yake, wala kwa muziki wake, wala kwa mtaa anaotoka. Ahukumiwe kwa springi yake. Na haki hiyohiyo imguse mtu mzima mwenye cheo aliyeweka vipande vya kunyanyulia chini ya springi ili gari lake lisiguse mawe. Gari lililonyanyuliwa ovyo uzito wake hupanda juu, likawa jepesi kupinduka kwenye kona. Kulinyooshea kidole lililoshuka na kulifumbia macho lililopanda si usalama, ni upendeleo.

Hatua zinazohitajika si ngumu. Kipimo cha chini cha nafasi kati ya gari na ardhi kitangazwe kwa lugha nyepesi, kibandikwe gereji na vituoni, na kila mkaguzi wa magari awe na kijiti cha kukipima. Springi iliyokatwa au kupashwa moto ikataliwe moja kwa moja, bila ya mjadala. Anayebadilisha kimo kwa vifaa vilivyoundwa kwa gari lake apewe njia ya kukaguliwa na kupata hati, ili asilazimike kujificha. Ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama usiishie kwenye taa na matairi, bali uingie chini ya gari. Vyuo vya ufundi stadi navyo viwafundishe mafundi kwamba kukataa kazi mbaya ni sehemu ya ufundi.

Mwenye gari naye asisahau bima. Anayebadilisha gari bila ya kuijulisha kampuni yake huipa kampuni hiyo sababu ya kuhoji malipo siku ya ajali, na hapo ndipo springi iliyokatwa kwa bei rahisi inapokuwa ghali kuliko gari lenyewe.

Watumishi wa umma na walimu wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Wengi wao wanamiliki magari madogo hayahaya, na vijana huyatazama matendo yao kuliko maneno yao. Mtumishi anayekagua leseni za wengine huku gari lake limewekewa springi za msumeno anaidhoofisha sheria anayoitumikia. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi habari za nguvu na mwendo anaweza kuwapeleka gereji ya jirani wakaione springi nzima na springi iliyokatwa, kila mmoja akajua tofauti yake.

Barabara ni mali ya wote: mwenye gari, mwenye baiskeli, mama mwenye kikapu na mtoto anayekwenda shule. Uhuru wa mtu kulipamba gari lake haukatazwi, ila unaishia pale ambapo breki zake zinashindwa kumlinda mwenziwe. Kimo cha gari kiamuliwe kwa kipimo na kwa ukaguzi, wala kisiachiwe msumeno.