Nani anamchunga sista anayechunga wazee?

Alfajiri, mbele ya misa, msimamizi wa nyumba ya wazee ya watawa amekwisha kufanya hesabu ya kwanza ya siku: unga umebaki kiasi gani, gunia la makala litafika ao hapana, nani hakulala kwa sababu ya maumivu.

Mara nyingi ni sista, wakati mwingine furere ao padri. Ni mkubwa wa wafanyakazi, ni mtunza pesa, ni mwombaji wa misaada. Mzee akifariki bila jamaa, ni yeye anayetafuta sanduku na mahali pa kuzika.

Wengi wa wazee hao hawana malipo ya uzeeni. Walilima, waliuza sokoni, walichimba, bila kuandikwa kwenye CNSS. Wengine wamefukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi, jambo ambalo Kivu ya Kusini inalijua sana. Wanafika mikono mitupu, na msimamizi hawezi kusema hapana. Kwa maoni yetu, msongo unaanzia hapo: siyo wingi wa kazi tu, bali kubeba wajibu wote bila uwezo wa kuamua. Bei ya mafuta hapangi yeye. Goma na Bukavu, tangu benki zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, hata pesa iliyotumwa na wafadhili imekuwa ngumu kuishika mkononi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni liliandika kwamba kuchoka kabisa kwa sababu ya kazi ni jambo linalotokana na kazi yenyewe. Kwenye nyumba zetu za watawa kuna hatari uchovu huo upewe jina lingine: imani haba. Sista akilalamika, anaogopa kuonekana kwamba wito wake umepoa. Basi ananyamaza.

Hatudharau sala. Jumuiya inayokula pamoja, wimbo wa jioni na vikongwe, mafungo ya kila mwaka, yote husaidia kweli. Lakini mafungo bila mtu wa kuachiwa funguo yanabaki kwenye kartasi. Watu hupenda kumtaja Jeanne Jugan wa Ufaransa, ambaye 1839 alimpa mjane kipofu kitanda chake mwenyewe, na hivyo Masista Wadogo wa Maskini wakaanza. Wachache hutaja kwamba miaka minne baadaye padri mmoja alimwondolea ukubwa, naye akaendelea kuzunguka na kikapu akiomba. Leo ni mtakatifu. Hiyo siyo sababu ya kufanya mateso yake kuwa mpango wa kazi.

Tunachoomba siyo kikubwa. Kila nyumba iwe na msaidizi anayejua vitabu vya hesabu, ili mkubwa apumzike mwezi mmoja kwa mwaka. Ofisi za afya za dayosisi, BDOM, zitume muuguzi kwa zamu. Wakristo wanaoleta sabuni na mchele tarehe 1 Oktoba na siku ya Noeli, wakumbuke pia mwezi wa tatu.

Na serikali? Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinasema mzee ana haki ya kulindwa kwa njia maalumu. Kikao cha bajeti bungeni Kinshasa hufunguliwa Septemba. Tutautafuta mstari wa nyumba za wazee, na tutawaambia wasomaji kama upo.