Babs, Gari Lililofukuliwa Mchangani
Gari la mbio liitwalo Babs halikutoka kiwandani. Tajiri Louis Zborowski aliliunda nyumbani kwake Higham, Kent, Uingereza, kwa vipuri vya kuokoteza: injini ya ndege ya Liberty yenye silinda 12 na ujazo wa lita 27, giaboksi ya Benz, na minyororo ya kuzungusha magurudumu ya nyuma. Alipofariki mashindanoni Monza mwaka 1924, Parry-Thomas, mhandisi wa Wales, alilinunua kwa pauni 125. Akalibunia pistoni mpya, akalivisha bodi mpya, na Aprili 1926 akavunja rekodi ya dunia katika ufuo wa Pendine, Wales, kwa kasi ya kilomita 275 hivi kwa saa. Machi 3, 1927, akijaribu tena papo hapo, gari lilipinduka akafa. Babs akazikwa mchangani. Wapo walioona afadhali angeachwa huko milele kwa heshima ya marehemu, lakini mwaka 1969 Owen Wyn Owen alimfukua, akiwa ameliwa vibaya na kutu, na kwa miaka kadhaa akamfufua kipande kwa kipande. Owen alifanya vyema. Hakuvuruga kaburi, maana Parry-Thomas mwenyewe amezikwa Byfleet, Uingereza, si Pendine, na ufukuaji ule ulikuwa na faida kubwa: kwa miaka mingi mnyororo ndio uliolaumiwa kwa ajali; mabaki yalipokaguliwa, wahandisi wakaanza kulishuku gurudumu la nyuma. Leo injini ile ya ndege inanguruma tena.