Mwendo wa Mtoto na Madai Yanayopotosha

Tangu mwaka 1969 Bombolulu, hapa Mombasa, imekuwa na karakana za APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanzishwa mwaka 1958. Watu wa barabara ya Malindi wanajua mguu una thamani gani, na wanajua pia kwamba mguu usiotembea haumzuii mtu kuwa fundi. Ndiyo maana habari za kompyuta zinazofundishwa kusoma jinsi mwendo wa mtoto unavyokomaa kadiri anavyokua zinastahili kujadiliwa hapa kwa makini. Tatizo ni kwamba zimezungukwa na madai mabovu, ya wanaozisifu na ya wanaozibeza. Nitayajibu yale ninayokutana nayo mara nyingi.

“Mtoto akishatembea, kazi imekwisha.”

Mtoto anatambaa, anasimama dede, anakwenda tata, jamaa wanampigia vigelegele, na baada ya hapo hakuna anayemtazama tena miguu. Mwaka 1980 daktari wa mifupa David Sutherland na wenzake wa San Diego, Marekani, walichapisha vipimo vya watoto 186 wa umri wa kati ya mwaka 1 na 7. Walipima urefu wa hatua, kasi, idadi ya hatua kwa dakika, muda ambao mwili unabebwa na mguu mmoja, na nafasi iliyopo baina ya vifundo vya miguu ikilinganishwa na upana wa nyonga. Walikuta kwamba kufikia miaka 3 sura ya mwendo inakaribia ile ya mtu mzima.

Wengi waliishia hapo. Mtafiti Jeffrey Hausdorff na wenzake hawakuishia hapo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watoto 50 wenye afya, wa miaka 3 hadi 14, walitembea kwa dakika 8 kuzunguka uwanja wa mbio wa mita 400 wakiwa na vihisi ndani ya viatu. Swali halikuwa mtoto anatembea kwa kasi gani, bali hatua moja inatofautiana vipi na ile inayofuata. Kwa watoto wadogo zaidi muda wa hatua ulipandashuka sana. Hata kwa watoto wa miaka 7 mpangilio huo ulikuwa bado haujakomaa kikamilifu. Tofauti zenyewe ni za sehemu ndogo ya sekunde, tena zimetawanyika katika mamia ya hatua, na hakuna mama wala daktari anayeweza kuziona kwa macho. Hapo ndipo ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kufundishwa kwa mifano, unapokuwa na kazi halali.

“Programu imepatia zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo inajua.”

Dai hili linanikera kuliko yote, maana linakuja likiwa limevaa joho la sayansi. Tuseme una watoto 50, na kila mmoja ana mamia ya hatua. Ukikata rekodi zao vipande vipande utapata maelfu ya vipande, na ukivichanganya vyote, vingine ukaifundishia mashine na vingine ukaipimia, itafaulu vizuri sana. Lakini hatua za mtoto yuleyule zimeingia pande zote mbili. Mashine haikulazimika kujua mtoto wa miaka 6 anatembeaje. Ilitosha imkumbuke mtoto huyu. Ni kama mwalimu anayewatahini wanafunzi kwa maswali yaleyale aliyowafundishia, kisha akatangaza kwamba darasa limeelewa hesabu. Njia ya haki ni kumtoa mtoto mzima, na hatua zake zote, asiguswe mpaka siku ya kupima. Asilimia zitashuka, na hizo zilizoshuka ndizo za kweli.

Kuna mtego wa pili. Mtoto wa miaka 12 ana miguu mirefu, hivyo hatua zake ni ndefu na zinachukua muda zaidi. Mashine inayotaja umri kwa kutumia vitu hivyo huenda inasoma kimo tu, na kimo kinapimika kwa utepe wa fundi cherehani. Kwa hiyo ni lazima kwanza urefu wa mguu uondolewe kwenye hesabu, kisha tuone kinachobaki. Kikibaki kitu, hicho ndicho kinachoweza kutueleza jinsi ubongo na misuli vinavyojifunza kushirikiana. Mtafiti asiyeeleza aliigawa vipi data yake na alifanya nini kuhusu kimo hajatuambia chochote, hata akipata asilimia 99.

“Watoto wa Kiafrika hutembea mapema. Vipimo vya Wazungu havituhusu.”

Nusu ya dai hili ina historia. Mwaka 1957 Marcelle Geber, aliyefanya utafiti Kampala, aliandika kwamba watoto wachanga wa Uganda walikuwa mbele katika ukuaji kuliko wa Ulaya. Habari ikaenea, ikageuzwa kuwa tabia ya damu. Kisha mtafiti Charles Super akaenda Kokwet, kijiji cha Wakipsigis hapa Kenya, na mwaka 1976 akachapisha alichokiona: watoto walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani kwa takriban mwezi mmoja, lakini katika mambo ambayo mama zao hawakuwafundisha, kama kutambaa, hawakuwa mbele. Mama wa Kokwet walikuwa wakifundisha kwa makusudi, hata kumchimbia mtoto kishimo cha kumwegemeza akijifunza kukaa. Siri ilikuwa malezi.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo kilichotokana na watoto wa Ghana, India, Norway, Marekani na Oman. Mtoto mwenye afya huanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8.2 na 17.6. Huo ni upana mkubwa, na unapaswa kumtuliza mama anayesimangwa na majirani kwa sababu mwanawe wa miezi 13 bado anashika ukuta.

Kwa hiyo mazingira yana nguvu, nami nakubali kwamba mashine iliyofundishwa ughaibuni inaweza kukosea hapa. Uwanja wa mbio ni sawasawa. Kichochoro cha Bombolulu kina mchanga, mawe na mtaro wa kuruka. Mtoto anayekwepa vitu hivyo ataonekana ana hatua zisizotulia, kumbe ana akili timamu. Lakini jawabu si kukataa vipimo. Jawabu ni kupima watoto wetu. Inawezekana: kule Kilifi, kwenye barabara hiihii, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35, Kilifi Developmental Inventory, na kuchapisha tathmini yake mwaka 2008. Kilitengenezwa Pwani, kwa ajili ya watoto wa Pwani.

“Vifaa hivyo ni vya maabara za Ulaya.”

Hilo limepitwa na wakati. Mwaka 2020 mtafiti Łukasz Kidziński na wenzake walionyesha kwamba video ya kamera moja ya kawaida inatosha kukadiria kasi, idadi ya hatua na mkunjo wa goti kwa kiasi cha kutumainisha. Walitumia video 1,792 za wagonjwa 1,026 wenye mtindio wa ubongo, wengi wao watoto, kutoka hospitali moja ya Minnesota. Simu iliyo mfukoni mwa mwendesha bodaboda ina kamera ya kufanya kazi hiyo. Kinachobaki kuthibitishwa ni kama programu itaona goti lililofunikwa na kanzu au dera.

“Basi mtaalamu wa tiba ya viungo hatahitajika.”

Atahitajika zaidi. Mashine inatoa namba. Haijui kama mtoto alipata malaria ya ubongo, alidungwa sindano vibaya, au kiatu kinambana. Mtoto anayeanza kuchechemea ghafla huku ana homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na aliyefika miezi 18 bila kutembea aonwe na mtaalamu, simu iseme isemavyo.

“Ni video tu.”

Mwendo wa mtu unaweza kumtambulisha hata uso ukifichwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Mzazi anayeombwa kumrekodi mwanawe ana haki ya kuuliza video itawekwa wapi, kwa muda gani, nani ataiona, na kama itafutwa akibadili nia. Majibu hayo apewe kwa Kiswahili anachokielewa, kabla ya kamera kuwashwa.